Dosiye ya Askari Isifungwe Milele

Salamu kwenu wa Makiso na Mangobo, wa Tshopo na Kabondo, wa komini ya Kisangani, na ninyi wa ng'ambo kule Lubunga ambao saa hizi pirogi zimekwisha na mmetulia na redio. Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao mji wetu unao wengi kuliko unavyopenda kukiri: wale waliovaa sare ya taifa, kisha wakavuliwa kwa aibu. Waliostaafu kwa heshima tutawapa siku yao. Leo ni zamu ya yule ambaye karatasi yake ya mwisho jeshini inamwita mtoro, au muasi, au mtovu wa nidhamu. Ni zamu pia ya yule asiye na karatasi yoyote: siku moja majina yalisomwa, lake halikusomwa, na mpaka leo hakuna aliyemweleza sababu.

Mtu huyo akitaka kusema, "Hamkunitendea haki, fungueni dosiye yangu muitazame upya," aende wapi? Akabishe mlango upi? Mimi nasema mlango huo katika nchi yetu haupo kwa askari mdogo, na kwamba ni lazima ujengwe. Pawepo baraza la kudumu, lenye majaji na raia pamoja na maofisa, lenye kazi moja tu: kumsikiliza askari wa zamani anayeomba jina lake litazamwe tena.

Tuchukue mfano. Mtu wenyewe ni wa kubuni, lakini njia nitakayompitisha ni ya kweli, na wengi wenu mliipita kwa miguu yenu. Kijana anaandikishwa katika FAZ, jeshi la Mobutu, mwaka 1990, analetwa Kisangani, anapata chumba Camp Ketele, anaoa. Tarehe 15 Machi 1997 waasi wa AFDL wanaingia mjini. Wakubwa wake wamekwisha kimbia, yeye amebaki na mke na mtoto. Mwezi Mei Mobutu anaondoka na jeshi linabadilishwa jina, linakuwa FAC. Wenzake wengi wa FAZ wanapelekwa Kitona, huko Bas-Congo, kufundishwa upya. Tarehe 4 Agosti 1998 ndege inatua Kitona ikiwa na James Kabarebe, mtu ambaye wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo, na askari wale wale waliopelekwa kufundishwa utii wanaingizwa katika vita dhidi ya serikali. Huku kwetu, tarehe 23 Agosti, waasi wa RCD wanaushika mji. Sasa kijana wetu afanye nini? Akibaki kambini, anawatumikia waasi. Akitoka kambini, ni mtoro.

Mwaka 1999 RCD yenyewe inapasuka. Kiongozi wake, Profesa Wamba dia Wamba, anakaa hapa kwetu chini ya ulinzi wa Waganda, wa Goma wanabaki na Wanyarwanda. Majeshi ya nchi mbili za kigeni yanapigana juu ya paa za nyumba zetu mwezi Agosti 1999, tena Mei 2000, tena zile siku sita za Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10, ambazo sina haja ya kumsimulia mtu wa Kisangani. Waganda wanaondoka, RCD-Goma wanabaki na mji. Mwaka 2003 inakuja serikali ya mpito, na jeshi jipya, FARDC. Hesabuni wenyewe: ndani ya miaka sita askari huyu amebadilishiwa bendera mara nne au tano bila kuhama chumba chake. Ofisa gani leo anaweza kukaa mezani, akashika kalamu, akaandika kwa dhamiri safi tarehe ambayo mtu huyu alilitoroka jeshi la taifa? Taifa lilikuwa wapi siku hiyo?

Wazee wetu watasema haya hayakuanza 1997, na wana haki. Desemba 1960 Antoine Gizenga aliweka serikali hapa, mji ungali ukiitwa Stanleyville, na jeshi lake likaongozwa na Jenerali Victor Lundula. Kwa serikali ya Léopoldville askari wale walikuwa waasi. Wao walijiona ndio jeshi halali la Lumumba. Agosti 1961 wanasiasa wakapatana chini ya Cyrille Adoula, na muasi wa jana akaamka ni mwenzetu. Agosti 1964 wakaja waasi wa Simba. Julai 1966 askari wa Kikatanga waliokuwa wameingizwa katika jeshi la taifa waliasi hapa hapa, na Kanali Tshatshi akauawa, yule ambaye kambi kubwa ya Kinshasa inabeba jina lake. Julai 1967 wakafuata mamluki wa Schramme na Denard. Kila tukio liliacha nyuma yake askari wa kawaida waliohukumiwa kwa kundi, kwa kabila, kwa kambi waliyolala usiku ule. Ni wachache sana waliowahi kuulizwa mmoja mmoja: wewe, ulifanya nini?

Naomba sasa tukae kidogo kwenye tarehe 14 Mei 2002.

Mnaikumbuka. Alfajiri kundi la askari na polisi waliiteka stesheni ya redio ya taifa hapa mjini na kuwaita wananchi wainuke wawafukuze Wanyarwanda. Kwa saa chache watu walidhani mambo yamegeuka. Kabla ya mchana RCD-Goma walikwisha irudisha redio, na ndege zikaleta vikosi na maofisa kutoka Goma. Yaliyofuata Mangobo, nyumba kwa nyumba, na yaliyofuata usiku kwenye daraja la mto Tshopo, ambako askari na polisi waliokamatwa waliuawa na miili kutupwa majini, yaliandikwa na shirika la Human Rights Watch katika ripoti ya Agosti mwaka ule ule. Walihesabu watu wasiopungua 80. Wengi hapa mjini wanaamini walikuwa zaidi, na mto haukurudisha wote.

Miongoni mwa maofisa waliotajwa katika ripoti ile alikuwamo Laurent Nkunda. Jeshi jipya la taifa lilipopangwa, alipewa cheo cha jenerali. Alikataa kulitii jeshi hilo, akaenda kuanza vita yake Kivu, lakini cheo kilitolewa na hati ikaandikwa. Na wale waliofuata sauti ya redio alfajiri ile? Waliokufa, wajane wao wamebaki na nini? Aliyeponea msituni, akajificha, akarudi mjini baada ya vita, aliandikwa nani katika daftari la jeshi? Kwa waliokuwa wakitawala mji siku ile alikuwa muasi. Kwa serikali ya Kinshasa alikuwa mtu aliyejaribu kuirudisha Kisangani mikononi mwake. Kwa akina mama wengine wa Mangobo ni mtu aliyewasha moto akakimbia, wakaungua wao. Mimi sina jibu moja kwa watu wote wale, na ndiyo sababu nataka asikilizwe kila mmoja peke yake. Miongoni mwao wamo mashujaa, na huenda wamo waliotumia asubuhi ile kumwaga damu ya jirani asiye na hatia kwa sababu ya sura yake. Neno "muasi" likiwekwa juu ya wote, linamwonea wa kwanza na linamficha wa pili.

Mtaniambia: lakini msamaha si ulitolewa? Ulitolewa, tena zaidi ya mara moja. Iko sheria ya Novemba 2005 kwa matendo ya vita na makosa ya kisiasa, iko ya Mei 2009 iliyowahusu wa Kivu, iko ya Februari 2014. Nazijua, na sizidharau, maana bila hizo pengine vita visingepoa hata pale vilipopoa. Lakini tazameni kazi ya msamaha ni nini. Msamaha unasema: ulikosa, tumeamua kutokukuadhibu. Kwa mtu aliyekosa, ni zawadi kubwa. Kwa mtu ambaye hakukosa, ni kumwandikia kosa kwa mara ya pili na kumtaka ashukuru. Tena msamaha peke yake haumrudishii askari miaka yake ya kazi, hauhesabu pensheni, hauandiki upya karatasi. Na sisi Wakongo tumejifunza kwa uchungu jinsi ahadi ya msamaha inavyoweza kuwa nyepesi: Pierre Mulele, aliyekuwa kiongozi wa waasi, alirudi kutoka Brazzaville mwaka 1968 akiwa ameahidiwa msamaha, na baada ya siku chache aliuawa.

Kurudishiwa jina kunawezekana. Tumekuona kwa macho yetu. Kanali Eddy Kapend, aliyekuwa msaidizi wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alihukumiwa kifo Januari 2003 katika kesi ya mauaji ya rais huyo. Siku zote alisema hana hatia. Alikaa gerezani Makala karibu miaka 20, akatoka Januari 2021 kwa huruma ya Rais Tshisekedi, kisha akarudishwa jeshini na kupandishwa cheo hadi jenerali. Mimi sisemi hakustahili. Nasema kwamba mlango ulifunguliwa kwa sababu mkono wa rais ulikuwa juu ya kitasa. Kaporali wa Ketele, mkono wa nani utamfungulia?

Tuangalie sheria inampa nini. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongo haki ya kuandika ombi kwa mamlaka ya nchi, peke yake au pamoja na wengine, na inasema mamlaka ijibu katika miezi mitatu. Ni kifungu kizuri, na watu wachache wanakijua. Kwa maamuzi ya serikali kuu liko Baraza la Serikali, Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, lililoanza kazi mwaka 2018. Kwa hukumu za mahakama za kijeshi ziko ngazi za rufani, na juu kabisa Mahakama Kuu ya Kijeshi. Vyote viwili viko Kinshasa. Kutoka hapa hadi Kinshasa kwa mto ni kilomita zaidi ya 1,700. Mzee asiye na pensheni, kwa sababu karatasi yake ni mbaya, anatakiwa kupanda balenieri wiki nzima na zaidi, alipe avoka, alale kwa watu, ili aombe karatasi ambayo ingempa pensheni. Na hata akifika, mahakama ya rufani ina muda wake wa kisheria, na muda huo ulikwisha pita wakati yeye alikuwa amejificha, au mgonjwa, au hajui hata kwamba ameandikwa.

Namna hii ya kupoteza jina bila hukumu ndiyo inayoniuma kuliko zote. Aliyehukumiwa na mahakama walau ana hukumu mkononi, ina namba na tarehe, anaweza kuipinga. Wengi hawana hata hiyo. Miaka ya baada ya vita jeshi lilihesabiwa mara kwa mara, na kwa sababu nzuri: zilikuwako orodha zilizojaa majina ya askari wasiokuwapo, na mishahara yao ilikuwa ikiliwa na wakubwa. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza 2005, ulisaidia kuhesabu watu kwa alama za vidole na kuwapa kadi. Kazi ile ilihitajika. Lakini hesabu yoyote ya namna hiyo ina hatari yake: aliyekuwa hospitali siku hiyo, au aliyetumwa mbali na kamanda aliyekufa kabla ya kutoa ushahidi, anaweza kutoka katika orodha pamoja na wale wa hewa. Kisha miaka inapita, na kutokuwapo kunageuka kuwa utoro.

Wengine walitoka kwa njia iliyopangwa, kupitia CONADER, tume ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, kuanzia mwaka 2004. Aliyechagua kurudi uraiani alipewa dola 110 za kuanzia na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kidogo, najua, na mama wengi wanakumbuka zilivyokwisha. Lakini demobe yule alitoka na kadi inayosema alitumika. Mwenzake aliyefutwa hakupata dola, na hakupata neno. Akifa, jeshi halipeleki mtu kwenye matanga, na hakuna bendera juu ya jeneza. Mjane hawezi kudai kitu, na kama bado yuko kwenye nyumba ya kambi, anasubiri siku ya kutolewa vyombo nje. Watoto wanakua wakisikia baba yao anaitwa jina ambalo hakuna hakimu aliyelitamka.

Sasa nisikie na upande wa pili, maana wapo wasikilizaji wenye hasira na wana haki ya hasira. Mama aliyeibiwa, aliyebakwa, aliyeuliwa mtoto na mtu mwenye sare, anaposikia habari ya kusafisha majina ya askari, moyo wake unaruka. Nataka kumwambia: baraza ninalolitaka ni lazima liweze kusema hapana, na liseme hapana kwa sababu zilizoandikwa. Aliyefukuzwa kwa ubakaji abaki amefukuzwa. Na wewe mama uwe na haki ya kuitwa, useme unayoyajua, kabla jina la mtu huyo halijaguswa. Leo hii usafishaji unafanyika bila wewe kuulizwa, kila mara kundi lenye bunduki linapopatana na Kinshasa na wakuu wake kugawiwa vyeo. Mkuu wa waasi Bosco Ntaganda aliingizwa jeshini mwaka 2009 akiwa jenerali, na hati ya kumkamata ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikwisha tangazwa. Nani alimuuliza mama wa Ituri?

Kuna nchi ambazo zimeujenga mlango huu, na nchi hizo hazikuvunjika nidhamu. Marekani ina mabaraza ya namna hii tangu sheria ya mwaka 1944: askari aliyetolewa kwa karatasi mbaya anajaza fomu na kuomba itazamwe upya, ndani ya miaka 15, na baada ya hapo liko baraza jingine la kurekebisha kumbukumbu. Mwaka 2014 waziri wao wa ulinzi, Chuck Hagel, aliagiza kwamba anayeomba akiwa na akili iliyojeruhiwa na vita afikiriwe kwa upole, kwa kuwa vitendo vingine vilivyoitwa utovu wa nidhamu vilikuwa ugonjwa. Hapo nasimama kidogo, maana sisi tunao wangapi? Askari aliyeona wenzake wakikatwa, kisha akaanza kunywa, akampiga mkubwa wake, akafukuzwa. Kwetu hakuna aliyempima.

Na si kwamba Marekani walifanya haraka. Mwaka 1906, huko Brownsville, Texas, watu walipigwa risasi usiku, na lawama ikawekwa juu ya askari weusi wa kambi ya jirani. Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza wote 167 bila heshima na bila kesi, kwa sababu hakuna aliyekubali kumtaja mwenzake. Jeshi lilibadilisha uamuzi huo mwaka 1972. Miaka 66. Katika wale wachache waliokuwa bado hai, Dorsie Willis, aliyeishi kwa kung'arisha viatu katika mji wa Minneapolis, alipewa dola 25,000. Wengine karibu wote walirudishiwa heshima wakiwa kaburini. Nchi tajiri, yenye daftari kamili, iliyowaandika askari wake kwa namba na tarehe, ilihitaji miaka 66. Sisi ambao daftari zetu ziliungua, ziliibwa, zililoweshwa na mvua katika ofisi zisizo na paa, ushahidi wetu mkubwa ni watu walio hai. Wakifa, tumefunga.

Ndugu zetu wa Kenya walipitia mahakamani. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, jeshi lao lote la anga lilivunjwa, na mamia wakafungwa, wengine wakiwa hawakushika bunduki siku ile. Miaka mingi baadaye baadhi yao walikwenda kortini wakadai fidia kwa mateso na kifungo, na wako waliopata. Wako pia walioambiwa mmechelewa mno. Ndiyo hatari ya kumwachia kila mtu atafute avoka wake: haki inamfikia mwenye nauli.

Nalisema hili sasa kwa sababu dosiye mpya zinaandikwa kila siku. Machi 2024 serikali ilitangaza kurudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, uliokuwa umesimamishwa tangu 2003. Julai mwaka ule mahakama ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25, wengi kwa kumkimbia adui. Naielewa hasira ya raia anayeachwa na jeshi lake. Lakini askari aliyekimbia huulizwa je, alikuwa na risasi ngapi? Alikuwa amekula lini? Kamanda wake alikuwa wapi? Kesi ikienda haraka, maswali hayo hayaulizwi, na siku moja mtoto wa mmoja wao, labda hapa Kisangani, atataka kuyauliza.

Kwa waheshimiwa wabunge wa Tshopo, na kwa wizara ya ulinzi, ambayo kwa jina lake lenyewe ni wizara pia ya wapiganaji wa zamani, ombi langu ni hili. Baraza liwe na ofisi katika miji mikuu ya majimbo, lisikae Kinshasa peke yake. Likubali ushahidi wa mdomo wa watu waliotumika pamoja, kwa kiapo. Mjane na mtoto waruhusiwe kuomba kwa niaba ya marehemu. Na ombi lisilo na jibu katika miezi mitatu, kama Katiba inavyotaka, lipande juu lenyewe bila mzee kusafiri.

Wakati tunangoja, tusikae bure. Papa uliye nyumbani na habari yako, tafuta mtoto anayejua kuandika, keti naye. Aandike namba yako ya matrikile kama unaikumbuka, mwaka ulioandikishwa na mahali, batayo yako, majina ya makamanda wako mmoja baada ya mwingine, kila kambi uliyolala, na siku uliyotoka na sababu uliyoambiwa. Picha zozote ulizopigwa, ziweke pamoja. Watafute wenzako wawili au watatu walio hai, waandike waliyoyaona, waweke sahihi na kidole. Kisha andika barua ya ombi, utaje kifungu cha 27, toa nakala, na usiache nakala yako iondoke mezani kwa mamlaka unayoiandikia kabla haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Miezi mitatu inahesabiwa kuanzia tarehe ya muhuri ule.